Chuo, sanaa na mshahara: niliyomwambia binti wa kaka yangu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi Julai, familia nyingi za Tanzania huingia katika majuma machache ya hesabu ngumu. Dirisha la udahili wa vyuo vikuu liko wazi, dirisha la maombi ya mkopo nalo liko wazi, na mtoto ambaye hadi jana aliulizwa tu amepata divisheni gani, sasa anaulizwa anataka kuwa nani. Mwaka huu swali hilo limefika nyumbani kwa kaka yangu. Binti yake amefaulu vizuri katika tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Baba yake anataka asome ualimu. Yeye anataka kutengeneza katuni za video, na amesema waziwazi kwamba hata chuo chenyewe haoni kama ni lazima, kwa kuwa yote anayoyajua hadi sasa amejifunza kwenye simu. Kaka ameniomba nizungumze naye kwa hoja kwamba mimi nimeyaweza yote mawili: ni mpima ardhi katika halmashauri, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichora picha za vitabu vya watoto katika saa ambazo mwajiri wangu hazihitaji.

Tumezungumza, tena zaidi ya mara moja, na ninayaandika hapa kwa kirefu kwa sababu kadiri tulivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mfano wangu, ambao familia nzima inauona kuwa ndio suluhisho, haumfai.

Jambo la kwanza nililotaka tuliweke sawa ni kwamba chuo na ajira ya uhakika si kitu kimoja, ingawa kaka huvitaja kama vile ni pacha. Kwa kizazi cha baba yetu, aliyekuwa karani wa serikali, vilikuwa karibu kitu kimoja kweli: uliyemaliza masomo ulipangiwa kituo cha kazi, ukafungasha begi, ukaenda. Mimi niliajiriwa wakati mlango ule bado haujabana sana. Walionifuata chuoni walikutana na mengine. Katikati ya 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili ihakiki watumishi hewa, na uhakiki wa vyeti uliofuata ukabaini watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, ambao waliondolewa kazini kuanzia Aprili 2017. Wahitimu wa miaka hiyo walikaa nyumbani na shahada zao halali wakisubiri, na ajira za ualimu ziliporudi, waliotangulizwa walikuwa walimu wa sayansi na hisabati, si walimu wa Historia na Kiswahili. Siku hizi mwalimu huomba nafasi na kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira kama mwombaji mwingine yeyote. Kwa hiyo kaka anapomwambia binti yake aliyesoma HKL kwamba ualimu ni njia ya uhakika, anazungumzia uhakika wa mwaka 1985.

Hata mwisho wa safari umebadilika. Mtumishi wa umma aliyezoea kusikia kwamba akistaafu atapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo alianza, Julai 2022, kuhesabiwa kwa kikokotoo cha 33%, na ingawa kiwango hicho kimeongezwa kidogo baadaye, wazee wengi walikwisha kupanga nyumba na mashamba kwa hesabu ya zamani.

Sisemi haya ili kuidharau ajira. Ninayo, ninaipenda, na sitaki mtu aiache kwa kusoma andiko langu. Mshahara una tarehe, na mtu ambaye hajawahi kuishi bila tarehe hajui thamani yake. Una bima ya afya, una benki inayokubali kukukopesha. Kishikwambi ninachochorea nilikinunua kwa mkopo wa mshahara, jambo ambalo mchoraji asiye na mwajiri asingepewa hata fomu yake. Vilevile kwenye hati ya mshahara wangu kumekuwa na mstari wa Bodi ya Mikopo unaokata 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi, na nilimwonyesha binti mstari huo kwa makusudi, kwa sababu vijana hulizungumzia suala la mkopo kana kwamba ni zawadi ya kufaulu. Anayekwenda chuo kwa mkopo ameshaamua, hata kama hajui, kwamba baadaye atahitaji kipato cha kuulipa, na uamuzi huo humsukuma kuelekea aina fulani ya kazi kabla hajaanza kusoma.

Basi akadhani nimekuja kumtetea baba yake, ikabidi nimweleze na upande wa pili kwa ukali uleule. Nilipoanza kuchora, wachapishaji binafsi walikuwa wakitoa vitabu vya kiada vya shule, na kamati ya serikali iliyoitwa EMAC ilikuwa ikiviidhinisha. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 2013, na kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe, maana makosa yaliyokuwa yakionekana katika baadhi ya vitabu vya wakati ule yalikuwa ya aibu. Lakini kwa wachoraji tuliokuwa tukipewa kazi na wachapishaji hao, soko lilisinyaa kwa uamuzi wa ofisi moja, sawasawa na ajira za serikali zilivyosimama kwa uamuzi wa ofisi nyingine. Anayesema kwamba msanii yuko huru na mwajiriwa yuko kifungoni hajawahi kudai malipo yake. Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, alinilipa baada ya kitabu kuwa kimekaa madukani kwa muda mrefu, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwa upole mwingi na hakuna fedha iliyokuja.

Tena malipo yenyewe kwa kawaida ni ya mkupuo. Unakabidhi picha zote, unatia saini, unalipwa, na kitabu kikichapishwa upya mara kumi wewe huna mrabaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mchoraji kama mwenye kazi yake, lakini ukishasaini mkataba wa kuuza haki zote, sheria hiyo haiwezi kukurudishia ulichokiuza kwa hiari. Nilimwambia binti kwamba kama kuna somo moja la chuo ambalo msanii wa Tanzania analihitaji kuliko yote, ni la kusoma mkataba hadi ukurasa wa mwisho.

Yeye naye hakuja mikono mitupu. Alinitajia Gado, Godfrey Mwampembwa, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, aliyekuwa akisomea usanifu majengo katika Taasisi ya Ardhi, ambayo leo ni Chuo Kikuu Ardhi, akaacha masomo mwaka 1992 na kwenda Nairobi, akawa mmoja wa wachora katuni wa siasa wanaofahamika zaidi Afrika Mashariki. Kwa vijana wanaochora, habari hii ni kama hirizi: aliacha chuo akafanikiwa. Nilimwomba aitazame tena kwa utulivu. Gado hakuacha chuo akaenda kukaa kibarazani kusubiri kipaji kimlipe. Alikuwa amekwisha kuchapisha katuni katika magazeti ya Dar es Salaam, na alipoondoka alikwenda kuajiriwa na Nation, gazeti kubwa la Kenya, kuchora kwa muda wote. Kwa maneno mengine, alichokifanya ni kuhama kutoka kwenye masomo kwenda kwenye mshahara, na mshahara huo ulikuwa wa kuchora. Kuacha chuo ukiwa na kazi mkononi na kuacha chuo ukiwa na matumaini ni mambo mawili tofauti, na wanaosimulia habari hii husahau kusema ni lipi lililotokea.

Mfano wa baba yake ulikuwa Shaaban Robert, na ni mfano mzuri kuliko kaka mwenyewe anavyojua. Mtu huyo ambaye tunamhesabu kuwa mkubwa wa washairi wetu wa karne ya ishirini alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Alianza katika forodha mwaka 1926, na ofisi yake ya mwisho, kuanzia 1952 hadi 1960, ilikuwa ya upimaji huko Tanga, jambo ambalo kwa sababu za ubinafsi linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Ushairi wake wote uliandikwa pembeni ya meza ya mtu mwingine. Lakini hapo ndipo penye swali ambalo kaka hakuliuliza: ni sanaa gani inayokubali kuwekwa pembeni?

Ushairi unakubali, na picha za vitabu, kwa kiasi, zinakubali. Ukurasa mmoja wa kitabu cha watoto huonekana mwepesi hadi uuchore. Mswada utasema tu kwamba bibi anapika uji. Mchoraji ndiye anayeamua kama ni mafiga au jiko la mkaa, kama bibi ameketi kwenye kigoda au amechutama, kama kanga ameifunga kifuani au kiunoni, masizi ya sufuria yamepanda hadi wapi, na moshi unaelekea upande gani kwa kuwa ukurasa unaofuata mtoto atakuwa anakohoa. Kuna mhariri ninayefanya naye kazi ambaye hukagua mkono ulioshika mwiko ukurasa kwa ukurasa, maana bibi hawezi kuwa wa mkono wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni, na watoto huliona hilo kabla hawajasoma neno hata moja. Kazi hiyo hula Jumamosi nzima kwa kurasa mbili zinazotazamana. Hata hivyo naweza kuifanya peke yangu, mezani kwangu, usiku, nikaiacha Jumapili na kuiendeleza Jumatano bila kumkwamisha mtu.

Ninaweza pia kwa sababu ya aina ya ajira niliyonayo. Upimaji hunichosha miguu na kunichoma jua. Siku nzima unasoma kifaa, unapanda mawe ya mipaka, unawasikiliza majirani wawili wanaogombea hatua tatu za ardhi. Lakini jioni kazi hiyo hubaki ofisini. Rafiki yangu anayefundisha sekondari, ambaye ni mshairi hodari kuliko wengi waliochapishwa, hurudi nyumbani na madaftari ya mikondo mitatu ya kusahihisha, na Jumamosi yuko shule kwa vipindi vya ziada. Ninamfahamu pia muuguzi anayeimba taarabu, ambaye zamu zake za usiku hazijawahi kuafikiana na ratiba ya mazoezi ya kikundi chake hata kidogo. Wazazi huuliza mshahara ni kiasi gani. Ningependa waulize pia kazi inaisha saa ngapi, na ikiisha inambakizia mtu nini. Kwa kipimo hicho, ualimu ambao kaka anausifia kwamba "unaacha nafasi" ni miongoni mwa kazi zenye nafasi ndogo kabisa kwa mtu anayetaka kuumba kitu chake.

Ziko sanaa nyingine ambazo hazijui neno baadaye. Mcheza ngoma wa miaka 19 akiambiwa asome uhasibu kwanza, akajiandae kimaisha, kisha arudi kucheza akiwa na miaka 35, ameambiwa asicheze, ila kwa adabu. Ndiyo maana Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kilikuwa na maana kubwa kwa watu wa ngoma, maigizo na muziki: kiliwapokea mwili ukiwa bado unakubali kufundishwa.

Katuni za video ziko wapi kati ya hayo mawili? Hapa ndipo nilipolazimika kuwa mkweli kwa kaka. Sekunde moja ya katuni iliyochorwa kwa mkono huhitaji picha 12, na ikiwa unataka mwendo laini zaidi, 24. Dakika moja ni picha 720 kwa hesabu ndogo, na hapo hujagusa sauti, muziki, mandhari wala uhariri. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja usiku baada ya kutoka kazini, labda kama anataka kutoa dakika tano katika maisha yake yote. Hufanywa na watu walioketi pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Na hapa kwetu watu hao wapo: kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, imejenga kazi yake yote juu ya vipindi vya katuni vya kuwafundisha watoto, na ziko studio ndogo zinazoishi kwa matangazo ya biashara na ya afya. Nafasi si nyingi, lakini ni nafasi za kuajiriwa, zenye mshahara. Kwa hiyo njia yangu, ya kuajiriwa mchana na kuchora usiku, kwake ingekuwa njia ya kuiacha katuni polepole huku akiamini kwamba hajaiacha.

Akafurahi sana niliposema hivyo, nikaona niendelee kabla furaha haijamzidi. Kama kazi hii ni ya watu walioketi pamoja, basi hoja yake ya kujifunza kwenye simu nayo inapungua nguvu. Video za mafunzo humwonyesha mtu namna ya kufanya. Haziwezi kutazama alichokifanya na kumwambia goti limekunjika mahali pasipo na goti. Edward Saidi Tingatinga hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, kuanzia 1968, na hata yeye alikuwa na ajira ndogo katika hospitali ya Muhimbili kabla hajauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Lakini vijana waliojifunza kwake waliketi naye mahali pamoja, wakaona brashi inavyoshikwa, wakakosolewa papo hapo, na mtindo ule umeendelea hadi leo pale Oysterbay kwa njia hiyohiyo ya kuketi karibu. Asiyetaka chuo anahitaji fundi wa kuketi naye. Binti wa kaka hana fundi huyo, na nilipomuuliza kama amewahi kumwandikia mtu yeyote wa studio yoyote kuomba kujifunza, alinyamaza.

Tukabaki na swali la chuo kipi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada inayohusu medianuwai na animesheni, lakini ni shahada ya sayansi, na mtu wa HKL huitazama kwa mbali. Hili liliniuma kidogo, kwa sababu tahasusi ile aliichagua akiwa na miaka 17 bila mtu wa kumweleza inafunga milango gani, na orodha mpya ya tahasusi, yenye nafasi ya sanaa, ilianza kutumika Julai 2024, yeye akiwa amekwisha kuingia kidato cha tano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu, na huko milango yake iko wazi. Tatizo ni mkopo: miongozo ya Bodi imekuwa ikizipanga kozi kwa vipaumbele, na sanaa haijawahi kukaa safu ya mbele. Inawezekana apate kidogo, inawezekana akose.

Na hapo ndipo mazungumzo yalipohama kutoka kwenye ndoto yakaingia mfukoni, ambako nadhani yangepaswa kuanzia. Yeye ni kifungua mimba. Nyuma yake wako wawili, mmoja yuko kidato cha tatu katika shule ya kulipia, na hakuna asiyejua katika ukoo wetu kwamba kifungua mimba akianza kupata, ndiye anayebeba wadogo. Kaka hasemi hivyo waziwazi, lakini anaposema "njia ya uhakika" ana maana ya ada ya yule wa kidato cha tatu. Sioni kwamba ni choyo, kwa kuwa na mimi niliwasaidia wadogo zangu kwa mshahara wangu wa kwanza na sikujuta. Ila ni haki mtoto aambiwe hivyo kwa maneno, ili ajue anabishana na nini, badala ya kuambiwa kwamba katuni ni mchezo wa watoto.

Tulipoketi watatu, nilisema nitakachokifanya mimi kama shangazi. Kompyuta ya kuchorea nitainunua. Ada ya yule mdogo nitachangia nusu kwa miaka mitatu ambayo dada yake atakuwa chuoni, ili kaka asiwe na sababu ya kumharakisha. Kwa upande wake, binti atamaliza katuni ya sekunde 30, yaani picha 360, kabla ya vyuo kufunguliwa, na ataipeleka kwa watu wawili wanaofanya kazi hiyo, si kwa marafiki wanaobonyeza alama ya kupenda. Akiifikisha mwisho tutajua kwamba anaweza kuvumilia sehemu ya kazi isiyo na raha, ambayo ndiyo kubwa. Asipoifikisha, aniambie bila aibu, na nafasi ya ualimu atakuwa ameiomba kama chaguo la pili.

Kaka amekubali yote isipokuwa mpangilio wa machaguo. Anataka ualimu uandikwe wa kwanza, kwa hoja kwamba mtu asipate mkopo akiwa sanaa huku angeupata akiwa kwingine. Hoja hiyo si ya kijinga, na bado sina jibu lake kamili, kwa hiyo wiki hii ninakwenda naye kwa mtu anayeufahamu mwongozo wa mwaka huu wa Bodi, tukausome pamoja kabla binti hajatuma maombi yake.